Safari Moja, Haja Mbalimbali

Likizo ya Desemba ikikaribia, katika nyumba za Waswahili wa Pumwani na Buruburu huzuka mjadala wa safari ya pwani. Watoto waitaka bahari, basi. Vijana, tangu treni mpya ya Mombasa ianze mwaka 2017, wapenda kwenda na wenzao. Wazazi hutaka usingizi, na nani awalaumu? Nyanya, mzaliwa wa Lamu, haombi ufuo. Aomba Maulidi ya Msikiti wa Riyadha na kulizuru kaburi la mamake, magoti yangali yakimbeba. Lakini mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi. Maulidi huhama msimu, na mara nyingi huwakuta watoto skuli. "Mwakani, inshaallah," huambiwa. Naye hunyamaza, huku akiwafungia wajukuu mahamri ya njiani.