Jina la waifai halionekani? Namna ya kuunganisha kompyuta yako na mtandao uliofichwa

Jirani amekubali mtumie waifai yake pamoja. Amekuandikia neno la siri kwenye karatasi. Lakini ukiwasha kompyuta nyumbani, unaona majina ya mitandao mingine kumi, na wa kwake haumo. Usikimbilie kwa fundi. Mara nyingi kompyuta haina ubovu wowote. Mwenye mtandao ameficha jina lake tu.

Jambo hili linaweza kukugharimu usipolijua. Hapa kambini kompyuta moja hubeba mambo mengi ya familia: masomo ya mtandaoni, maombi ya kazi, barua, picha za vyeti. Mtu akiambiwa kwamba "waifai imekufa" na akakubali kompyuta ifutwe na kuwekwa Windows upya, anaweza kupoteza nakala za vyeti ambavyo hawezi kurudi nchini kwake kuvitafuta. Kabla ya kufika huko, fuata maelezo yafuatayo. Hayahitaji pesa.

Mtandao uliofichwa ni nini?

Ruta ni kile kifaa kinachosambaza waifai ndani ya nyumba. Karibu mara kumi kila sekunde, ruta hutuma hewani tangazo dogo lenye jina la mtandao. Simu na kompyuta husikiliza matangazo hayo, kisha hukuonyesha orodha ya majina.

Mwenye ruta akichagua kuficha jina, ruta haiachi kutangaza. Inaendelea kama kawaida, ila nafasi ya jina huachwa tupu. Kwa hiyo kompyuta yako inajua kwamba kuna mtandao, lakini haijui unaitwaje. Mtandao wa kawaida unakuita wewe, uliofichwa unasubiri wewe uuite kwa jina lake.

Kwa nini watu hufanya hivyo? Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, ikapangwa kwa watu 10,000 hivi. Leo inaishi zaidi ya watu 50,000. Nyumba zimebanana, na waifai ya nyumba moja inasomeka kwenye nyumba kadhaa. Mwenye kununua bando hapendi kugongewa mlango kila saa na watu wanaoomba neno la siri. Huko Lilongwe nako, ofisi nyingine huficha mtandao wa wafanyakazi na kuacha wazi jina la mtandao wa wageni.

Muulize mwenye mtandao mambo matatu

1. Jina kamili la mtandao. Mwambie aliandike, asilitaje kwa mdomo. Herufi kubwa na ndogo ni tofauti: "Kwetu-7" na "kwetu-7" ni mitandao miwili kwa kompyuta. Nafasi kati ya maneno, kistari na nukta vinahesabiwa pia.

2. Neno la siri. Kwa waifai ya nyumbani, huwa na herufi au tarakimu zisizopungua 8. Angalia vizuri usichanganye sifuri na herufi O, wala tarakimu 1 na herufi l.

3. Aina ya ulinzi. Ruta nyingi hutumia WPA2, na baadhi ya mpya hutumia WPA3. Akisema hajui, anza na WPA2.

Hatua za kuunganisha kwenye Windows

Tunaandika maneno kama yanavyoonekana kwenye kioo. Wengi waliotoka Congo na Burundi wana kompyuta za Kifaransa, kwa hiyo tumeweka maneno ya Kifaransa pale inapohitajika.

Njia ya kwanza, ambayo ni fupi:

1. Bonyeza alama ya mtandao iliyo chini upande wa kulia, karibu na saa. Hakikisha waifai imewashwa.
2. Shuka hadi mwisho wa orodha ya mitandao. Tafuta maneno "Hidden Network". Kwa Kifaransa ni "Réseau masqué".
3. Bonyeza hapo, kisha bonyeza "Connect".
4. Andika jina la mtandao kama ulivyopewa, kisha endelea.
5. Andika neno la siri, kisha endelea.
6. Ukiulizwa kama unataka kompyuta yako ionekane na vifaa vingine kwenye mtandao huo, jibu hapana. Mtandao wa jirani una watu wengi.

Njia ya pili, ikiwa maneno hayo hayapo kwenye orodha:

1. Fungua "Settings". Kwa Kifaransa ni "Paramètres".
2. Ingia "Network & Internet", kisha "Wi-Fi", kisha "Manage known networks". Kwa Kifaransa: "Réseau et Internet", "Wi-Fi", "Gérer les réseaux connus".
3. Bonyeza kitufe cha kuongeza mtandao mpya.
4. Jaza jina la mtandao. Kwenye aina ya ulinzi, chagua "WPA2-Personal". Jaza neno la siri.
5. Weka alama kwenye sehemu inayosema "Connect even if this network is not broadcasting". Maana yake: unganisha hata kama mtandao huu hautangazi jina. Watu wengi huiruka hatua hii, halafu wanasema kompyuta imekataa.
6. Hifadhi, kisha subiri kidogo.

Wanaotumia Ubuntu wafungue mipangilio ya waifai, wabonyeze menyu iliyo juu, wachague "Connect to Hidden Network", halafu wajaze mambo yale yale matatu.

Kompyuta ya mezani isiyo na waifai

Kompyuta nyingi za mezani, hasa za zamani, hazina kifaa cha kupokea waifai ndani yake. Hapo hutaona mtandao wowote, uliofichwa wala usiofichwa. Unaweza kununua kifaa kidogo cha waifai kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Lakini kabla ya kununua, jaribu simu yako ya Android.

Kwanza unganisha simu na mtandao uliofichwa. Kwenye mipangilio ya waifai ya simu, chagua kuongeza mtandao, andika jina, chagua aina ya ulinzi na neno la siri, kisha kwenye mipangilio ya ziada ueleze kwamba mtandao umefichwa. Baada ya hapo chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya wa kuchajia ambao unapitisha data pia. Ingia kwenye sehemu ya hotspoti ya simu, uwashe "USB tethering". Kompyuta itapata intaneti kupitia simu, na simu itakuwa inaitoa kwenye waifai ya jirani, si kwenye bando lako.

Ikikataa, kagua haya kwa mpangilio

Jina. Hapa ndipo penye makosa mengi. Futa, andika upya, na uhakikishe hakuna nafasi iliyobaki mwishoni.

Umeme. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huchukua dakika chache kuamka. Subiri kabla ya kubadilisha chochote.

Umbali na ukuta. Mawimbi hupungua yakipita kwenye ukuta wa matofali, na mabati huyazuia zaidi. Beba kompyuta, kaa karibu na ruta, ujaribu tena. Ikikubali hapo na kukataa nyumbani, tatizo ni umbali.

Aina ya mawimbi. Ruta nyingine hutumia mawimbi ya 5 GHz, na kompyuta za zamani husoma ya 2.4 GHz pekee. Muombe mwenye ruta awashe 2.4 GHz, ambayo pia hupita ukutani vizuri zaidi.

Aina ya ulinzi. Ikiwa ruta imewekwa WPA3 peke yake, kompyuta ya zamani inaweza kushindwa. Ruta nyingi zina chaguo la kutumia WPA2 na WPA3 kwa pamoja.

Orodha ya vifaa. Wenye mitandao wengine huruhusu vifaa walivyoviandikisha tu kwenye ruta. Muulize kama kompyuta yako inahitaji kuandikishwa.

Ukikwama baada ya yote haya, tafuta msaada kwa mtu unayemwamini. Dzaleka haikosi vijana wanaojua kompyuta. Baadhi yao walijifunza kupitia AppFactory, mradi ulioanzishwa hapa kambini na mkimbizi mwenzetu Remy Gakwaya. Na kabla hujamkabidhi mtu yeyote kompyuta yako, nakili vyeti na nyaraka zako kwenye flashi.

Usimmalizie jirani bando

Windows hupakua masasisho yenyewe bila kukuuliza, na kwa usiku mmoja inaweza kula bando ambalo watu watano wamechangia. Urafiki mwingi wa waifai huvunjika hapo. Ukishaunganisha, fungua sifa za mtandao huo kwenye "Settings" na uwashe "Metered connection". Kwa Kifaransa ni "Connexion limitée". Kompyuta itapunguza upakuaji wa nyuma ya pazia. Kisha mkubaliane wazi na mwenye mtandao: unachangia kiasi gani, na video zitazamwe saa ngapi.

Kuficha jina si kufuli

Wengi hudhani mtandao uliofichwa ni salama kwa sababu hauonekani. Si kweli. Kila mara mtu halali anapouita mtandao kwa jina, jina hilo hupita hewani, na mwenye programu ya kusikiliza mawimbi anaweza kulisoma. Kinachozuia mgeni kuingia ni neno la siri na aina ya ulinzi. Mtandao uliofichwa usio na neno la siri ni nyumba isiyo na mlango.

Kuna jambo la pili ambalo wachache wanalijua. Ukihifadhi mtandao uliofichwa, kompyuta yako huendelea kuuita hata ukiwa mbali nao. Ukiibeba hadi Lilongwe, kilomita zaidi ya 40 kutoka hapa, ikiwa imewashwa itakuwa inauliza hewani: "Kwetu-7 upo? Kwetu-7 upo?" Mtu mwenye nia mbaya anaweza kusikia, akatengeneza mtandao wa uongo wenye jina hilo hilo. Ikiwa mtandao wa jirani ulikuwa na WPA2 na neno la siri, kompyuta haitajiunga na wa uongo kirahisi. Ikiwa haukuwa na neno la siri, inaweza kujiunga yenyewe bila wewe kujua.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kabla ya safari, zima waifai au ondoa alama ya kuunganisha moja kwa moja. Na ukiacha kutumia mtandao wa mtu, nenda "Manage known networks" na ubonyeze "Forget" ili kompyuta iusahau. Ukiwa mjini kwenye waifai usiyoijua, usifungue akaunti ya pesa wala barua pepe yenye mambo ya kesi yako. Tumia bando la simu yako kwa hayo.

Ikiwa ruta ni yako

Ukinunua ruta ya Airtel, ya TNM au nyingine, usianze na kuficha jina. Anza na haya:

Chagua WPA2 au WPA3. Ukikuta WEP, iache. Ni ulinzi wa zamani ambao udhaifu wake ulijulikana tangu mwaka 2001.

Weka neno la siri refu. Maneno manne ya lugha mbalimbali, pamoja na tarakimu, ni magumu kubahatisha na ni rahisi kukumbuka. Usitumie namba yako ya simu wala jina la mtoto.

Badilisha pia neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. Lile la kiwandani limebandikwa chini ya kifaa, na kila mgeni anayeingia sebuleni anaweza kulisoma.

Kama ruta yako inaruhusu mtandao wa wageni, uwashe huo kwa majirani, wako ubaki wa familia.

Baada ya hayo, ukitaka kuficha jina ili kupunguza maombi, ni hiari yako. Lakini jua kwamba kila unayemkaribisha atahitaji msaada wa kuunganisha, na vifaa vyake vitabeba jina la mtandao wako popote aendapo.

Usiingie pasipo ruhusa

Ziko programu zinazojinadi kwamba zinafichua na kufungua waifai za watu. Ziepuke. Sheria ya Malawi ya Miamala ya Kielektroniki na Usalama wa Mtandao ya mwaka 2016 inahesabu kuwa kosa kuingia kwenye mfumo wa mwingine bila idhini. Kwa mkimbizi, kesi ya namna hiyo ni mzigo mkubwa kuliko bando lolote. Bisha hodi, omba, mkubaliane bei. Akikubali, kata karatasi, mwambie aandike jina la mtandao kwa mkono wake, herufi kwa herufi.