Usitupe Patasi ya Zamani

Je, una patasi ya zamani yenye kutu? Usiitupe. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilichongwa kwa patasi na nyundo, bila umeme. Hata kiti cha Musoma, Bunda au Butiama kinaweza kupambwa hivyo.

Fanya hivi:

1. Ondoa kutu kwa msasa. Noa patasi kwenye jiwe lenye maji. Patasi butu huteleza, nayo huumiza mkono.

2. Tumia mbao kavu. Mbao mbichi hupasuka baadaye, na nakshi huharibika.

3. Chora ua au mistari kwa penseli.

4. Bana ubao mezani usicheze. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali.

5. Gonga patasi juu ya mstari. Kisha toa mbao kidogo kidogo. Fuata nyuzi za mti. Ukienda kinyume, ubao utachanika.

Usichimbe sana mguu wa kiti, utavunjika. Jifunze kwanza kwenye kipande kilichobaki. Ukizoea, ndipo uchonge kiti cha mteja. Mteja akiona kiti imara na kizuri, atarudi.

Fundi, noa patasi yako leo!