Jinsi kompyuta inavyotambua simu na printa zilizo karibu: ushauri kwa wafanyabiashara wa Nchelenge

Mzigo unaovuka Ziwa Mweru kutoka Nchelenge kwenda Kilwa, upande wa Kongo, huenda na karatasi zake: ankara, orodha ya bidhaa na stakabadhi za ushuru. Karatasi hizo zikiwa ndani ya kompyuta au simu, njia mojawapo ya kuzipitisha bila vocha wala intaneti ni Bluetooth. Lakini kabla ya kutuma, kompyuta lazima itafute vifaa vilivyo karibu, na hapo ndipo makosa huanzia.

Programu huiamuru redio ndogo iliyo ndani ya kompyuta, au iliyochomekwa kwenye tundu la USB, kupiga mwito kwa masafa ya gigahezi 2.4. Kifaa kilicho wazi hujibu kwa kutoa anwani na aina yake, kisha jina. Msako wa kawaida huchukua sekunde 10 hivi, kwa hiyo usiukatize mapema. Simu nyingi hufika mita 10 hivi. Bodi ya lori na magunia ya samaki wabichi hupunguza umbali huo, kwani chuma huzuia mawimbi na maji huyanyonya.

Kifaa kisipoonekana, angalia mambo haya:
- Je, Bluetooth imewashwa?
- Je, simu iko wazi? Simu nyingi za sasa huonekana tu pale ukurasa wa Bluetooth unapofunguliwa kwenye kioo.
- Je, printa ya risiti tayari imeshikwa na simu nyingine? Nyingi hunyamaza zikiwa na mwenzao.

Aidha, jina kuwa kwenye orodha si uthibitisho kwamba kifaa kipo. Kompyuta hukumbuka vifaa ilivyowahi kuunganishwa navyo, hata kama vimezimwa au viko ng'ambo ya ziwa.

Hatari kubwa zaidi ni jina lenyewe. Mwenye simu hujiandikia jina analotaka, hivyo mtu yeyote aliyesimama gatini anaweza kuiita simu yake "Ofisi ya Wakala". Ukimtumia ankara, amejua bei yako, mteja wako na wingi wa mzigo kabla hujapakia. Tangu toleo la 2.1 la mwaka 2007, vifaa vyenye vioo huweza kuonyesha namba ya tarakimu 6 pande zote mbili. Isomeni kwa sauti, zikitofautiana, kataa.

Vilevile, usipokee faili usilolitarajia. Mwaka 2004 kirusi cha Cabir kilienea kwa Bluetooth kati ya simu za Symbian, na kiliingia baada ya mwenye simu kukubali kukipokea.

Ukimaliza kutuma, zima Bluetooth, na ufute kwenye orodha vifaa usivyovitambua.