Jani lisilongoja: biashara ya muguka Likoni, Kisauni na Changamwe

Tumbaku huvunwa, ikakaushwa, ikawekwa ghalani hadi bei ipande. Hata bangi, ambayo kuilima na kuiuza ni kosa katika sheria za Kenya, hukaushwa na kufichwa kwa miezi. Muguka, jani litafunwalo, haukubali kuwekwa. Jani likishachumwa Mbeere, Kaunti ya Embu, kathinoni inayomchangamsha mtafunaji huanza kuvunjika na kugeuka kathini, iliyo hafifu zaidi. Baada ya kama saa 48, sehemu kubwa ya nguvu yake imekwisha. Anayezimiliki saa hizo ndiye apataye faida, na anayebaki na jani likinyauka ndiye abebaye hasara. Katika Mombasa ya ng'ambo ya kisiwa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, huyo wa mwisho kwa kawaida ni mwenye kibanda.

Muguka na miraa ya Meru ni mmea mmoja kwa sayansi, Catha edulis. Mla miraa humenya gome la kijiti, na vijiti hivyo huchaguliwa, vikapangwa na kufungwa vitita. Muguka hutafunwa majani machanga pamoja na ncha zake laini, kwa hiyo kazi ya kuuandaa ni ndogo na bei ni ya chini. Pakiti ya shilingi 50 hupatikana, na hilo ndilo lililoufikisha mikononi mwa wasiomudu miraa. Kule Mbeere nako kuna hoja nzito: mmea huu huvumilia ukame unaoangamiza mahindi, na huchumwa tena na tena, hivyo mkulima hupata pesa taslimu bila kungoja msimu mmoja wa mavuno.

Kutoka Embu hadi Mombasa ni kama kilomita 600, kupitia Nairobi. Lori likiharibika njiani Mtito Andei, mzigo unaendelea kuzeeka ukiwa umeegeshwa. Changamwe hufikiwa mapema, kwa kuwa ipo kwenye mlango wa barabara kuu. Ili kufika Kisauni, mzigo hupita kisiwani na kuvuka Daraja la Nyali. Likoni hungoja feri, au gari lizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu kutokea Miritini. Kila kituo kina mtu wake: mnunuzi wa shambani, msafirishaji, muuzaji wa jumla, mchuuzi.

Wateja ni wanaohitaji kukaa macho: madereva wa malori ya makontena, makuli, walinzi wa usiku, waendeshaji wa bodaboda na tuktuk. Kando yao wapo vijana wasio na kazi, ambao muguka huwamalizia siku. Kibanda hakiishi kwa jani peke yake. Huuza pia njugu, peremende za kutafuna, soda, maji na sigara, vitu visivyooza. Jani lenyewe hufunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji lisikauke. Likilala, bei hushuka au hutupwa, na mtaji wa siku hiyo umekwenda nalo.

Soko hili la ndani ndilo uti wa mgongo wa muguka. Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, na Somalia ilipofunga anga yake kwa zao hilo kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, waliolia zaidi ni wakulima wa Meru, waliouza nje. Ndiyo maana Gavana Abdulswamad Shariff Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa Mei 2024, akifuatwa na Kilifi na Taita Taveta, Embu ilitikisika. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha marufuku hayo. Rais William Ruto naye aliyatangaza kuwa batili, akitaja Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023, zinazoutambua muguka kuwa zao halali. Katiba, kifungu cha 209, pia inazuia kaunti kutoza kodi zinazokwamisha bidhaa kuvuka mipaka ya kaunti.

Hata hivyo, hofu ya wazazi wa Pwani ni ya haki. Mtafunaji wa kila siku hukosa usingizi na hamu ya chakula, na shilingi 50 ikirudiwa mara kadhaa kwa siku hula posho ya nyumba nzima. Lakini kuliwinda lori, kwa marufuku au kwa ada, ni kukosea shabaha. Ada yoyote linayotozwa lori huongezwa kwenye bei ya jumla. Mchuuzi asiyeweza kupandisha pakiti ya shilingi 50 hupunguza majani ndani yake au hutafuta wateja zaidi, na wateja rahisi kuwapata ni watoto.

Katiba hiyohiyo inaipa kaunti mamlaka juu ya leseni za biashara, masoko, afya na udhibiti wa dawa za kulevya. Hapo ndipo pa kushika. Kila kibanda kiwe na leseni, kikae mbali na shule, kifungwe saa maalumu, na anayemuuzia aliye chini ya miaka 18 apokonywe leseni. Mapato ya leseni hizo yagharimie vituo vya kurekebisha waraibu Likoni, Kisauni na Changamwe, kwa kuwa pesa zimetoka kwenye mitaa hiyo. Mama mwenye kibanda atajua sheria inayomlinda na inayombana, na mkulima wa Mbeere atabaki na soko. Marufuku ya 2024 hayakumpa yeyote kati yao uhakika huo, wala marufuku peke yake hayamfikishi kijana kwenye matibabu.