Kamera ya Pili Gikomba: Jinsi Video Inavyoweza Kumfikia Mteja Asiyefika Pumwani

Katika Soko la Gikomba, mtu akisema ana "kamera" huenda hazungumzii chombo cha kupigia picha. Kamera ni nguo za mitumba za daraja la kwanza, zile zinazonyakuliwa alfajiri pindi tu robota linapofunguliwa. Anayechelewa huambulia masazo.

Siku hizi kamera nyingine imeingia sokoni, nayo ni ile iliyo kwenye simu. Mfanyabiashara anayeitumia vizuri hamlazimishi mteja kuamka saa kumi alfajiri ili aone bidhaa. Mteja aliye Kitui, Garissa au Kisumu anaweza kuliona koti, kujua bei yake, kulipa na kusubiri mzigo stejini. Hata hivyo, video nyingi za biashara ndogo hutazamwa bila kuleta mauzo. Mara nyingi simu inatosha kabisa. Linalokosekana ni habari ambayo mnunuzi aliye mbali anaihitaji ili aamini.

Kwa nini jambo hili ni muhimu Pumwani

Eneo la Pumwani na mitaa inayopakana nalo limebeba biashara ndogo kwa muda mrefu. Majengo inajulikana kwa mahamri, mbaazi na viazi karai. Gikomba huvutia wanunuzi wa mitumba, samaki na mbao. Mafundi wa Kamukunji na Shauri Moyo hutengeneza masanduku ya wanafunzi, karai, wilbaro na majiko. Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985, waliahidiwa vibanda vya kuwakinga dhidi ya jua walilokuwa wakifanyia kazi, lile lililowapa jina la jua kali. Tangu wakati huo jina hilo limeenea nchi nzima.

Nguvu ya biashara hizi ni mahali zilipo. Mteja hajui jina la muuzaji, anajua njia: pita pale, kata kushoto, kibanda cha tatu. Nguvu hiyo ndiyo pia udhaifu wake. Gikomba imeungua mara nyingi. Moto wa alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15 na kuteketeza mali ya wengi. Muuzaji anayejulikana kwa kibanda pekee hupoteza bidhaa na wateja kwa usiku mmoja. Yule ambaye wateja wake wanaijua kazi yake na wana nambari yake hupoteza bidhaa pia, lakini siku ya pili anaweza kuwaeleza alikohamia.

Kwa hivyo video si mapambo ya biashara. Ni njia ya kuwafanya wateja wamjue muuzaji mwenyewe, mbali na kibanda chake.

Video ya kitaalamu ni ipi

Wengi wakisikia "video ya kitaalamu" huwaza mitambo ya bei ghali. Kwa biashara ndogo, maana yake ni kwamba mtazamaji anaona vizuri, anasikia vizuri na anapata majibu ya maswali yake. Mambo haya yanaweza kufanywa kwa simu ya kawaida.

Jambo la kwanza ni mwanga. Vibanda vingi vimeezekwa mabati na ndani mna giza. Bidhaa isogezwe mlangoni, na anayerekodi asimame mwanga ukiwa nyuma yake. Asubuhi na jioni kuna mwanga laini, ilhali jua la saa saba hutia vivuli vikali na kubadilisha rangi za nguo. Kabla ya kuanza, lenzi ifutwe kwa kitambaa safi. Simu inayoshikwa na mikono yenye mafuta au unga hutoa picha yenye ukungu.

La pili ni utulivu. Simu iegemezwe juu ya meza, kreti au rafu badala ya kushikwa na mkono unaotetemeka. Kwa TikTok, hadhi ya WhatsApp na video fupi za Facebook na Instagram, simu isimamishwe wima. Kwa video ndefu ya YouTube, ilazwe.

La tatu ni sauti, na hapa ndipo kazi ilipo. Kamukunji nyundo hazinyamazi. Njia rahisi ni kurekodi picha kwanza, kisha kurekodi maelezo baadaye nyumbani, mahali tulivu, na kuviunganisha kwa programu ya kuhariri ya simu kama CapCut au InShot. Sauti ya nyundo yenyewe isifutwe yote. Ikisikika kwa mbali, inamthibitishia mteja kwamba sanduku limetengenezwa hapo na halikununuliwa kwingine.

Nini cha kuonyesha ndani ya dakika moja

Tuchukue mfano wa fundi wa masanduku anayejiandaa kwa ufunguzi wa shule, msimu ambao wazazi humiminika Kamukunji. Akirekodi rundo la masanduku huku muziki ukilia, mzazi hatajua chochote. Lakini anaweza kulipanga tangazo lake hivi.

Sekunde za kwanza zionyeshe bidhaa yenyewe, si nembo wala salamu ndefu, kwa sababu mtazamaji huamua upesi kama ataendelea. Kisha futi ya kupimia iwekwe juu ya sanduku, ili urefu, upana na kina vionekane. Baada ya hapo fundi aonyeshe unene wa bati, afungue na kufunga kifuniko mara mbili tatu, aonyeshe bawaba na mahali pa kufuli. Mwisho ataje bei, mahali alipo, namna ya kulipa na jinsi mzigo unavyosafirishwa.

Bei ndiyo inayofichwa zaidi. Wauzaji wengi huandika kwamba bei itatolewa kwa ujumbe wa faragha, wakihofia washindani. Mshindani aliye kibanda cha pili tayari anaijua bei hiyo. Asiyeijua ni mteja, na wengi huona uvivu kuuliza, wakapita. Kama bei hupungua kwa anayenunua kwa jumla, hilo lisemwe pia.

Kwa muuzaji wa mitumba, jambo la kujenga imani ni kuonyesha kasoro. Koti lenye kifungo kilichopotea au doa dogo lionyeshwe hivyo hivyo. Aliyeagiza nguo moja akaletewa nyingine hasahau, na malalamiko yake huandikwa mahali pale pale tangazo lilipowekwa, mbele ya macho ya kila mtu. Aliyeambiwa ukweli mapema hana la kulalamikia, na huenda akarudi.

Kwa mama anayeuza mahamri Majengo, mteja hatoki mbali. Video yake ni fupi zaidi: mahamri yakifura kwenye mafuta, bakuli la mbaazi pembeni, saa anayofungua, na nambari ya kuagizia kwa wenye sherehe. Mikono safi na sufuria zilizofunikwa husema mengi kuliko maneno.

Wakati wa kumlipa mtaalamu

Zipo kazi zinazostahili mpiga video wa kulipwa: kikundi kinachotafuta zabuni, warsha inayotaka kuonyesha hatua zote za utengenezaji, au duka linalotaka filamu moja itakayotumika mwaka mzima. Matangazo ya kila wiki yanaweza kufanywa na mwenye biashara au kijana wa familia.

Kabla ya kulipa, pande mbili ziandikiane, hata kama ni ukurasa mmoja. Waandike idadi ya video na urefu wake, siku ya kukabidhi, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, malipo ya mwanzo ni kiasi gani, na nani atamiliki picha zote zilizorekodiwa. Akaunti za mitandao zifunguliwe kwa nambari ya simu ya mwenye biashara, na nywila abaki nayo mwenyewe. Biashara ambayo akaunti yake iko mikononi mwa kijana aliyeajiriwa inaweza kupoteza wateja wote siku wakikosana.

Sheria za kuzingatia

Sheria ya kwanza inahusu nyuso za watu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi. Mteja akionekana kwenye tangazo, aombwe ruhusa kwanza, na akikataa asilazimishwe. Kwa mtoto, ruhusa hutolewa na mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza klabu moja ya burudani jijini Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Faini kama hizo zinaweza kufunga biashara ndogo. Sokoni, njia salama ni kuelekeza kamera kwenye bidhaa na mikono ya fundi.

Ya pili inahusu muziki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda msanii, na wimbo unaovuma hauwi halali kwa tangazo la biashara kwa sababu tu unapatikana kwenye simu. Mitandao pia huweza kuinyamazisha au kuiondoa video. TikTok ina hazina ya muziki iliyotengwa kwa akaunti za biashara. Sauti ya muuzaji mwenyewe haina gharama.

Ya tatu inahusu ukweli. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza madai ya uongo kuhusu ubora, bei au asili ya bidhaa. Kiatu cha mtumba kisiitwe kipya.

Anayepanga kurekodi tangazo kubwa kwa kutumia kampuni ya filamu anashauriwa kuuliza mapema katika Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya kuhusu leseni. Na kwa vyovyote vile, stendi, nyaya na umati wa watazamaji visizibe njia za soko. Gikomba inajua gharama ya zimamoto kukosa pa kupita.

Kutoka kutazamwa hadi kuuza

Kutazamwa si kununuliwa. Muuzaji awe na daftari, na kila anayepiga simu aulizwe alikojulia biashara hiyo. Baada ya mwezi mmoja daftari litamwonyesha ni video zipi zilizoleta wateja na zipi zilizoleta pongezi tu. WhatsApp Business haina malipo na ina sehemu ya kupanga bidhaa pamoja na bei zake, kwa hivyo anayeuliza anaweza kutumiwa orodha mara moja.

Malipo yapitie nambari ya Lipa na M-Pesa yenye jina la biashara. Mnunuzi aliye mbali hupata amani jina linalotokea kwenye simu yake linapofanana na lile aliloliona kwenye video. Muuzaji naye asiachilie mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo kwenye simu ya mtu mwingine. Aangalie salio lake mwenyewe kwanza.

Mwisho, video na nambari za wateja zisikae kwenye simu moja tu. Nakala ihifadhiwe kwenye akaunti ya mtandaoni au kwenye simu ya mtu wa nyumbani, na nambari muhimu ziandikwe kwenye daftari lisilolala kibandani.

Mwenye kutaka kuanza hahitaji kusubiri mtaji. Achague bidhaa moja anayoijua vizuri, aisogeze mlangoni kabla jua halijawa kali, na ajibu maswali matano ambayo wateja humuuliza kila siku: ni nini, kina ukubwa gani, ni bei gani, kiko wapi na nitakipataje. Akiyajibu yote kwa dakika moja, ana tangazo.