Papi za Mlango na Lipu ya Zamani

Tangu zamani majahazi yalipakia boriti za mikoko katika Delta ya Rufiji kuzipeleka Unguja na Uarabuni. Basi watu wa Rufiji na Kibiti si wageni wa miti. Hata hivyo mara nyingi twaona mlango mpya mzuri, na pembeni yake ukuta umepasuka. Leo twataka kueleza sababu yake, na njia ya kujihadhari.

Papi ni ubao mwembamba unaofunika nafasi iliyo baina ya mwimo wa mlango na ukuta. Lipu iliyozeeka, ikiwa ya chokaa au ya udongo, haipindiki, hukatika tu. Msumari ukipigiliwa juu yake kwa nguvu, mshindo wa nyundo huibandua ukutani. Tena mti mbichi hunywea unapokauka, ukavuta lipu pamoja nao.

Kwanza, gongeni ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama ngoma, lipu imeachana na ukuta. Hapana budi kuitengeneza kabla ya kazi nyingine.

Pili, chagueni mti mkavu, kama mninga uliokaa kivulini miezi mingi.

Tatu, msumari ushike mwimo au nguzo iliyo ndani, wala usitegemee lipu. Toboeni kwanza kwa keekee, na tundu la kwenye lipu liwe pana kupita msumari. Parafujo ni bora zaidi, kwani haitaki nyundo.

Nne, msikaze kupita kiasi. Ukuta wa zamani haukunyoka. Ubao ukilazimishwa kuufuata, lipu hupasuka. Chongeni mgongo wa ubao hata ulingane na ukuta, kisha zibeni nafasi iliyosalia kwa chokaa na mchanga laini. Saruji haifai hapa: ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, nayo huzuia unyevu usitoke.

Labda mtu atauliza, ufa mdogo una dhara gani? Mchwa hupanda ndani yake bila kuonekana, wakaula mwimo. Papasi nao hujificha mchana katika nyufa za udongo, na usiku hutoka kunyonya damu za waliolala, wakawaambukiza homa ya papasi.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ni heri kutoufanya ufa huo tangu mwanzo.