Kivu: Kansere ya ngozi ya mzazi imekatwa mapema, lakini hofu ya kurudi inabaki nyumbani

Operesheni imekwisha, kidonda kimekauka, na karatasi ya laboratware inaonyesha kwamba kansere ilikuwa kwenye hatua ya kwanza na iliondolewa yote. Kwa majirani, habari inaishia hapo: mama amepona, Mungu asifiwe. Lakini kwa watoto wake kazi nyingine inaanza siku ile ile. Kila kipele kwenye uso wake, kila doa jipya kwenye mkono, kila asubuhi anaposema amechoka, wanajiuliza swali moja: imerudi?

Kunako Bukavu, Goma, Uvira ama Butembo, swali hilo lina uzito wa pekee. Waganga wa magonjwa ya ngozi ni wachache, safari ni ya bei kali, na vita vimekata njia ambazo wagonjwa walizoea kupitia. Kujua vizuri ni kitu gani kinaweza kurudi, wapi na wakati gani, hakuondoi woga wote. Lakini kunasaidia familia kujua ni alama gani ya kukimbilia hospitali na ni alama gani ya kuacha mtu alale usingizi.

Kansere ya ngozi si moja

Waganga wanatofautisha aina 3 kubwa. Mbili za kwanza zinaitwa kasinoma: ile ya seli za chini ya ngozi, na ile ya seli bapa za juu. Ya tatu ni melanoma, yenye kutoka katika seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kasinoma ya seli za chini hukua polepole na ni nadra sana isambae mbali. Ile ya seli bapa inaweza kusambaa ikiachwa. Melanoma ndiyo yenye haraka zaidi ya kupita katika tezi na kufika mapafu, maini ama ubongo.

Kwa melanoma, kipimo chenye kusema mengi ni kina chake ndani ya ngozi. Mwaka wa 1970, munganga Mmarekani Alexander Breslow alionyesha kwamba kina hicho, kinachopimwa kwa milimetre, kinasaidia kujua mgonjwa yuko kwenye hatari gani. Melanoma isiyozidi milimetre 1 inaitwa nyembamba. Ili kuiondoa, munganga anakata pia ngozi nzima inayoizunguka, kwa kawaida sentimetre 1 kila upande. Kwa ile yenye kupita milimetre 2, anakata sentimetre 2.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, melanoma mara nyingi haitokei mahali jua linapiga. Inatokea kwenye nyayo, kwenye kiganja ama chini ya ukucha. Kwa hiyo mwenye nayo anaweza kufikiri amegonga jiwe, amechomwa na mwiba ama amebanwa na kiatu. Mwimbaji Bob Marley, ambaye nyimbo zake zinasikika mpaka leo mu taxi na mu baa za miji yetu, alipata melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Iligunduliwa mwaka wa 1977. Waganga walimshauri akatwe kidole, yeye akakataa, na ikaondolewa sehemu tu. Ugonjwa ulisambaa, naye akafariki tarehe 11 mwezi wa tano 1981 mjini Miami, akiwa na miaka 36.

Historia hiyo inaogopesha watoto wengi wenye mzazi aliyepata ugonjwa huo. Lakini ikisomwa vizuri, inaonyesha jambo lingine: kukata mapema na kukata yote ndiko kunabadilisha mwisho wa safari. Kwa takwimu za Marekani, watu wenye melanoma iliyokutwa ingali mahali pamoja wanafikisha miaka 5 kwa zaidi ya 99 kwa 100, wakilinganishwa na watu wengine wa umri wao. Ile ya nyayo mara nyingi inaua zaidi, na sababu moja kubwa ni kwamba inaonekana ikiwa imechelewa.

Watu wenye ualbino, jua la milimani

Kundi la pili lenye hatari kubwa ni watu wenye ualbino. Ngozi yao haina rangi ya kutosha ya kuwakinga, na kansere yenye kuwapata zaidi Afrika ni ile ya seli bapa, hasa usoni, masikioni, midomoni na shingoni.

Kivu ina mtego wake. Goma na Bukavu ziko kwenye kimo cha karibu metre 1.500, na hewa ya ziwa ni baridi. Mtu anafikiri jua ni dogo. Kumbe, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (OMS), nguvu ya miale yenye kuharibu ngozi inaongezeka kwa karibu 10 kwa 100 kila unapopanda metre 1.000, na mawingu hayaizuii yote. Mama mwenye ualbino anayeuza bidhaa mu soko la Kadutu bila mwavuli anaunguzwa hata siku ambayo hakusikia joto.

Njia nyingine ni kovu la zamani la moto ama kidonda kisichopona kwa miaka mingi. Kidonda cha namna hiyo kikianza kuota nyama, kutoa damu ama kunuka, kipimwe, hata kama familia imekizoea.

Kurudi: neno moja, mambo matatu

Watu wanaposema kansere «imerudi», mara nyingi wanachanganya mambo matatu tofauti.

La kwanza ni kurudi mahali pale pale: uvimbe, doa ama kidonda kwenye kovu la operesheni ama kando yake. Hapo ndipo karatasi ya laboratware ina maana kubwa. Ikiwa inaandika kwamba mipaka ya nyama iliyokatwa ni safi, hatari hiyo inapungua sana. Ikiwa mipaka si safi, mgonjwa anahitaji kukatwa tena, wala si kungoja.

La pili ni kuonekana katika tezi zilizo karibu: kinena ikiwa ilikuwa mguuni, kwapa ikiwa ilikuwa mkononi, shingo ikiwa ilikuwa usoni ama sikioni. Tezi ngumu, isiyouma na yenye kuendelea kukua ni alama ya kwenda hospitali bila kungoja tarehe ya rendez-vous.

La tatu si kurudi. Ni kansere mpya, mahali pengine, kwenye ngozi ile ile iliyounguzwa na jua miaka yote. Kwa mtu mwenye ualbino, hili ndilo la kutazamia zaidi. Kwa hiyo mama akikatwa kidonda cha sikio, macho yasibaki kwenye sikio peke yake; midomo, pua, shingo na mikono vilevile vinaomba kuangaliwa.

Kwa kasinoma ya seli bapa, nyingi kati ya zile zinazorudi zinaonekana ndani ya miaka 2 ya kwanza. Kwa melanoma, miaka ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi, lakini kuna zenye kurudi hata kisha miaka 10. Ndiyo sababu waganga wanaomba mgonjwa wa melanoma ya hatua ya kwanza aonekane kila miezi 6 hadi 12 kwa miaka 5, kisha mara moja kwa mwaka.

Rendez-vous na vita

Kwenye karatasi, mpango huo ni rahisi. Kivu, si hivyo. Tangu Goma ichukuliwe na M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, familia nyingi zimehama, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Mwenye kuhama usiku anachukua watoto, godoro na sufuria. Karatasi ya laboratware inabaki kwenye kabati.

Karatasi hiyo ni mali. Ndiyo inamwambia munganga mwingine, mu mji mwingine, aina ya kansere, kina chake na mipaka yake. Bila hiyo anaanza sufuri. Kuipiga picha na kuitumia watoto wawili ama watatu kwa simu hakulipishi pesa nyingi, na kunaweza kuokoa miezi.

Kwa bahati, hatua ya kwanza kwa kawaida inatibiwa na kisu peke yake. Mgonjwa wengi hawahitaji dawa nzito wala mashine za miale. Zikihitajika, wakaaji wa mashariki hutazama Kinshasa ama ng'ambo ya mpaka: kituo cha kansere cha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kilichofunguliwa mwaka wa 2012, ama taasisi ya kansere ya Kampala, yenye kufanya kazi tangu 1967.

Kuna pia maneno ya mtaani. Kidonda kisichopona kinaitwa haraka karuho, sumu ya mwenye wivu, na mgonjwa anapelekwa kunyweshwa dawa za kutapisha. Wakati huo wote kidonda kinaendelea kula. Maombi na munganga vinaweza kutembea pamoja; kinachoharibu ni kungoja.

Mtoto anayelinda bila kuwa polisi

Ulinzi wa kweli unafanyika nyumbani. Mara moja kwa mwezi, mahali penye mwanga, ngozi yote iangaliwe: kichwa, nyuma ya masikio, mgongo, kati ya vidole, nyayo na kucha. Mama akiona haya mbele ya kijana wake, binti, dada yake ama mukamwana atafanya kazi hiyo. Doa lenye mashaka lipigwe picha na sarafu kando, ili mwezi ujao ukubwa wake ulinganishwe. Doa lenye kubadilika umbo, rangi ama ukubwa, lenye kutoka damu, ama kidonda chenye kupita mwezi bila kupona, vinapelekwa hospitali. Kipele kinachokauka ndani ya juma mbili hakistahili kukosesha watu usingizi.

Lakini kuangalia kila siku, kumuuliza mzazi kila saa kama anasikia maumivu, ama kumkataza kutoka nje, kunamfanya mgonjwa tena mtu aliyekwisha kupona. Wazazi wengi wanaishia kuficha ili wasiwasumbue watoto, na hapo ulinzi umevunjika. Afadhali kupatana naye siku moja ya mwezi, na siku nyingine zote kuongelea mambo mengine.

Watoto wanajiuliza pia juu yao wenyewe. Ualbino unarithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili: mtoto wa mama mwenye ualbino anabeba alama hiyo ndani ya damu, lakini hazaliwi na ualbino ikiwa baba haibebi. Mtoto mwenye ngozi nyeusi hana hatari ile ya mama yake kwenye jua. Na melanoma ya nyayo, mara nyingi, haihesabiwi kuwa ugonjwa wa ukoo. Hata hivyo kuangalia nyayo zake mwenyewe siku ile anapoangalia za mzazi ni jambo la dakika mbili.

Kwenye rendez-vous yenye kufuata, maswali manne yanatosha: Ilikuwa aina gani na kina gani? Mipaka ilikuwa safi? Tezi gani tuziguse? Turudi lini, na tukishindwa kufika kwa sababu ya barabara, tumpigie nani? Majibu yaandikwe na munganga, yawekwe pamoja na karatasi ile nyingine. Kisha mwavuli, kofia pana na shati la mikono mirefu viwekwe karibu na mlango, pale mama anapopita kila asubuhi akielekea soko.